Niliitwa kutengeneza mlango, nikaona kosa kwenye kenchi: fundi aseme au anyamaze?

RandaNaPatasi aliuliza:

Ndugu mafundi, habari za kazi.

Mimi ni seremala, niko Morogoro. Nilijifunza kazi kwa miaka 5 kwa fundi mmoja ambaye ninamheshimu kama baba, na huu ni mwaka wa tatu tangu nilipofungua karakana yangu ndogo yenye vijana wawili. Swali langu si la mbao wala misumari, ingawa vyote vimo ndani yake. Ni swali la mdomo.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja mstaafu aliniita nyumbani kwake kwa sababu mlango wa stoo ulikuwa umevimba kwa mvua za masika na kugoma kufunga. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: nilifungua bawaba, nikaranda ubavu mmoja, nikasogeza kitasa, nikamaliza kabla ya adhuhuri. Lakini stoo ile haijapigwa dari, na nilipoinuka baada ya kukusanya maranda nilitazama juu nikaona kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zikiwa wazi. Kama mjuavyo, mbao nyingi tunazonunua sokoni ni za futi 12, na urefu huo hautoshi kuvuka nyumba ile, kwa hiyo taibimu, yaani ile mbao ya chini inayozuia miguu ya kenchi isitanuke, ililazimika kuungwa. Imeungwa katikati kabisa, ubao mmoja umelazwa ubavuni mwa mwingine kwa kama shubiri moja, na nilihesabu misumari miwili tu. Katika kenchi nne nilizoweza kuziona, mbili ziko hivyo, na moja imekwisha kuanza kuachana kiasi cha kupitisha kidole.

Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba nimeitwa kwa ajili ya mlango, si paa, na kwamba mtu anayekuja kuranda mlango kisha akaanza kutaja kasoro za nyumba nzima huonekana anatafuta kazi. Hata hivyo sababu iliyonifunga mdomo hasa ni nyingine. Yule mama, akiamini kwamba ananifurahisha, alinieleza kuwa paa lile lilipigwa mwaka juzi na fundi wangu mwenyewe, yule aliyenifundisha kushika randa.

Nilipokuwa kwake niliwahi kucheka dirisha lililotengenezwa na fundi wa mtaa wa pili, mbele ya mteja. Hakunikemea pale. Jioni aliniletea patasi, tezo, randa na misumeno yote ya karakana, akaniambia ninoe peke yangu kwa wiki nzima, na wiki ilipokwisha akasema tu kwamba fundi hasemi kazi ya fundi mwenzake. Nimeishi na neno hilo hadi leo na limenisaidia. Sasa sijui kama lilitungwa kwa ajili ya paa.

Naomba ushauri wa waliotangulia. Je, nirudi nikaseme? Nimwambie nani kwanza, na kwa maneno gani?


MzeeWaKeko alijibu:

Mwanangu, nimefanya useremala pale Keko, Dar es Salaam, tangu nikiwa kijana, na sasa macho yamechoka lakini vidole bado vinaona. Nitakujibu kwa kirefu kidogo, unisamehe.

Alichokufundisha fundi wako ni kitu cha kweli. Katika miaka yako ya mwanzo hukuambiwa mengi, nawe nadhani uliona kwamba unanyimwa elimu. Kumbe ulikuwa unafundishwa kusikiliza. Randa iliyonolewa vizuri ina sauti yake inapopita kwenye mninga, na inapokutana na nyuzi zilizogeuka sauti hiyo hubadilika kabla mkono haujahisi lolote. Kijana anayezungumza muda wote hawezi kuisikia, kwa hiyo atachimbua ubao kila siku na kusema kwamba mbao za siku hizi ni mbaya. Ndiyo maana sisi wa zamani tuliwanyamazisha wanafunzi wetu. Wapo waliofanya hivyo kwa ukali tu, sikatai, lakini wengi walikuwa na maana.

Nikueleze kisa changu mwenyewe. Nilipokuwa na umri kama wako niliitwa Dodoma kuweka samani katika nyumba moja, nikaona mlango mzuri wa mninga ambao paneli zake zilikuwa zinacheza. Ukiutikisa, unasikia paneli inagonga ndani ya mfereji wa fremu. Mwenye nyumba aliponiuliza, nilimjibu kwa kujiamini kwamba aliyeutengeneza alisahau gundi, na kwamba hayo ndiyo matokeo ya kumpa kazi mtu asiye fundi. Nikazitia gundi paneli zote pande nne, nikalipwa. Kiangazi kilipokolea, paneli mbili zilipasuka kutoka juu hadi chini.

Wewe unajua sababu, lakini wakati ule mimi sikuijua. Ubao haubadiliki sana kwa urefu wake. Kwa upana husinyaa wakati wa ukavu na kutanuka wakati wa unyevu, na Dodoma hewa yake ni kavu kuliko ya pwani nilikozoea. Yule fundi aliacha paneli huru kwa makusudi ili zipate nafasi ya kupumua. Mwenye nyumba alimwita, akaja, akatazama gundi yangu. Niliambiwa baadaye kwamba alisema neno moja tu, «Nitaitengeneza», akatoza gharama ya mbao peke yake. Hakuuliza nani aliyeiharibu. Mimi nilikuwa nimemwita asiye fundi, na yeye alikuwa na kila haki ya kunirudishia neno lile lile, akaliacha.

Ndiyo maana wazee husema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kesho kazi yako itatazamwa na mtu asiyejua ulikuwa na mbao gani, mteja alikuharakisha vipi, wala fedha iliishia wapi.

Kwa hiyo swali langu kwako, kabla ya hayo ya kusema au kutosema, ni hili: umepima? Umetazama kutoka chini, ukiwa na maranda mikononi. Inawezekana kwamba chini ya kiungo kile kuna ukuta wa kati unaobeba. Panda juu kwa ngazi, pima kwa futi kamba, tazama kama vichwa vya kuta vina nyufa na kama mgongo wa paa umelala ukiutazama kutoka nje. Ukishapima ndipo utakuwa na jambo la kusema. Ukisema sasa, utakuwa unasema wasiwasi.


MkandarasiMdogo alijibu:

Kaka, mimi sitazunguka. Ulilipwa kazi ya mlango, mlango unafunga, mkataba umekwisha. Ukianza kukagua mapaa ya watu bila kuitwa, siku litakapovuja bati watakuja kwako kwa kuwa wewe ndiye wa mwisho kupanda juu. Mafundi wangapi wamebebeshwa lawama za kazi wasizozigusa? Kama dhamiri inakusumbua, mwambie yule mama kwa ujumla tu kwamba ni vizuri kukagua kenchi kila baada ya muda, kisha uendelee na shughuli zako.


BintiTimazi alijibu:

Shikamoo mzee wa Keko, na salamu kwa wote. Mimi ni fundi sanifu wa majengo, niko Mwanza. Nimesoma kisa cha Dodoma mara mbili kwa sababu ni kizuri, lakini naomba nitofautiane nawe kwa heshima katika mambo mawili.

Kwanza, lile la ukuta wa kati. Taibimu haibebi dari tu. Uzito wa bati, mbao na upepo unaposukuma rafta, zile mbao za mteremko, chini, miguu yake hutaka kwenda nje, na taibimu ndiyo inayoishika isiende. Maana yake mbao hiyo inavutwa, kama kamba inayovutwa na watu wawili. Ukuta uliosimama chini ya kiungo utasaidia kisizame, lakini hautazuia kisiachane, na ndugu yetu anasema kimeanza kuachana kwa upana wa kidole. Hapo hakuna haja ya kubishana kama misumari miwili inatosha, kwa sababu mbao zenyewe zimekwisha kujibu.

Pili, paneli ikipasuka, mwenye nyumba anapata hasara na fundi anapata aibu, basi. Paa ni habari nyingine. Tarehe 29 Machi 2013, katikati ya jiji la Dar es Salaam, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa liliporomoka na kuua watu 36. Sisemi kwamba nyumba ya yule mama inalingana na ghorofa lile. Ninachosema ni kwamba jengo lolote, dogo au kubwa, hupita mikononi mwa watu wengi kabla halijasimama: anayefunga nondo, anayechanganya zege, anayepigilia msumari, anayekuja baadaye kuweka kitasa. Kila mmoja wao huona kipande chake na wakati mwingine cha jirani yake. Tukishakubaliana kwamba kila mtu atanyamazia kipande cha jirani, hakuna mkaguzi wa halmashauri atakayetuokoa, kwa kuwa mkaguzi huja mara moja na mafundi wapo hapo kila siku.

Usitukane wakunga, sawa, nakubali. Lakini pia wazee hao hao walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuhusu ushauri wa kusema «kwa ujumla», huo ndio mbaya kuliko yote. Mama mstaafu akiambiwa akague kenchi kila baada ya muda ataitikia vizuri na hatafanya lolote, na wewe utakuwa umejinunulia usingizi kwa bei rahisi. Ukiamua kusema, sema kitu kinachoonekana: kenchi ya pili kutoka mlangoni, kiungo cha katikati, kimeachana kwa kiasi hiki. Jina la fundi halihitajiki katika sentensi hiyo. Wala usitaje bei ya kurekebisha siku hiyo hiyo, kwa sababu ukitaja bei maneno yako yote ya nyuma yatageuka kuwa tangazo la biashara.

Dawa yenyewe si ngumu. Simamisha nguzo za kuegemeza chini ya kenchi kwanza, virudishe viungo vikutane, kisha vika vipande vya mbao ya inchi 2 kwa 4, vyenye urefu wa kama futi 4, pande zote mbili za kiungo, ufunge kwa boliti. Ukikosa boliti, tumia misumari ya kutosha uliyoipanga kwa kupishana ili isipasue mbao kwenye mstari mmoja wa nyuzi. Usiguse chochote kabla ya kuegemeza.


MzeeWaKeko alijibu:

Marahaba binti. Umenisahihisha kuhusu ukuta wa kati, na umesahihisha kwa haki. Mimi ni mtu wa milango na makabati. Nilisema juu ya paa kwa ujasiri wa umri.


KalafatiUnguja alijibu:

Assalaam alaikum. Mimi si seremala wa majumba, naunda vyombo vya baharini huku kaskazini mwa Unguja, lakini jambo hili lipo katika kila kazi inayotumia tezo.

Bandani kwetu mwanafunzi hawezi kumwambia fundi mkuu kwamba ubao umekaa vibaya wakati mwenye chombo amesimama pale. Haifai kabisa. Hata hivyo chombo hakina huruma. Pamba ya kuzibia ikikosekana kwenye upenyo mmoja, bahari itaupata upenyo huo huo na kuziacha mbao nyengine zote zilizokalafatiwa vizuri. Sasa mtu afanyeje? Marehemu fundi wangu alikuwa ameacha kipande cha mkaa juu ya jiwe karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Yeyote aliyetilia shaka msumari, taruma (mbavu za chombo) au mshono alikwenda kimya kimya akatia alama ya mkaa mahali pale. Jioni, mwenye chombo akishakwenda zake na sisi tukiwa tunakusanya zana, mzee alizunguka chombo peke yake na kuzitazama alama. Nyengine alizifuta kwa kidole, akacheka. Nyengine alirudi nazo asubuhi, akang'oa ubao. Hakuuliza hata siku moja ni nani aliyetia alama, ingawa nadhani alitujua kwa urefu wa mikono yetu.

Naeleza haya kwa sababu mwenzetu anauliza amwambie nani kwanza. Kwa maoni yangu, fundi wake apewe alama ya mkaa kabla mama hajaambiwa. Si kwa kumficha mama, bali kwa sababu kazi ni ya fundi na anayo haki ya kuirudia kwa mkono wake. Apewe siku, lakini siku zenyewe zihesabike. Chombo kilichokwisha kuingia maji hakingojei jioni.


RandaNaPatasi aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Nimekawia kurudi kwa sababu nilitaka nije na habari kamili.

Jumatano nilikwenda kwa fundi wangu baada ya magharibi. Nilimkuta barazani anakunywa kahawa, tukaamkiana, tukazungumza habari za watoto, na mara mbili nilitaka kuaga bila kusema. Mwisho nilimwambia: «Fundi, niliitwa kuranda mlango wa stoo katika nyumba fulani, nikatazama juu.» Sikuweza kuendelea. Yeye aliweka kikombe chini akauliza swali lile lile la mzee wa Keko, kama nimepima. Nilimjibu kwamba sikuwa nimepanda, ila kiungo kinapitisha kidole. Akanyamaza kwa muda mrefu, na mimi nikanyamaza, kwa sababu kitu cha kuongeza sikuwa nacho. Kisha akasema kwamba siku zile alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, paa lile aliwaachia vijana, na yeye alikuja kulitazama likiwa limekwisha kuezekwa.

Jumamosi asubuhi alinipitia akiwa na ngazi, nguzo nne za mirunda na mbao alizozinunua kwa fedha yake. Tulipopima, tulikuta kenchi mbaya ni tatu, si mbili. Aliniambia nishike ngazi, na ninakiri kwamba nilifurahi kupewa kazi isiyohitaji maneno. Kabla hajapanda alimwita yule mama akamweleza yote kwa sauti ya kawaida, akimwonyesha kila kiungo kwa ncha ya futi kamba: kazi hii ni yangu, imefanywa vibaya, nimekuja kuirekebisha, na hutalipa kitu. Hakuwataja vijana. Hakunitaja mimi. Hadi alasiri kenchi zote tatu zilikuwa zimevikwa mbao pande mbili na kufungwa boliti, na mgongo wa paa ulipotazamwa kutoka barabarani ulikuwa umenyooka.

Tulipokuwa tunafungasha vifaa, mama alinitengea maji ya kunawa, akanitazama, akaniuliza: «Wewe ulikuwa hapa wiki tatu zilizopita, ukatazama juu, nilikuona. Siku ile hukuliona hili?»

Fundi wangu alikuwa amesimama kando yangu na angeweza kunisaidia kwa neno moja. Hakusema.

Nilimjibu kwamba nililiona.

Aliitikia kwa kichwa, akamimina maji, akatushukuru sote wawili na kutusindikiza hadi getini. Mlango wa jikoni, ambao alikuwa amenipa vipimo vyake siku ile ya kwanza, nimesikia kwamba amempa mtu mwingine.